Ato Zerihun Abegaz, Aliyetia Jina Chini ya Kila Ujumbe

Ato (yaani Bwana) Zerihun Abegaz alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 mjini Debre Birhan, mtoto wa pili wa Ato Abegaz Wolde na mkewe, Weizero (Bibi) Tsehay. Alisoma hapohapo, kisha akapata cheti cha ukarani Addis Ababa mwaka 1971.

Alifanya kazi katika kampuni ya bima, akapanda hadi kuwa Mkuu wa Masjala, na akastaafu mwaka 2011. Barua pepe zilipoingia ofisini, wenzake walianza kuandikiana kwa mkato. Yeye alikataa katakata. Kila ujumbe wake ulianza kwa kuulizia afya ya mtu na ya nyumba yake, ukaishia kwa jina, cheo na simu. Alipostaafu aliongeza neno "Mstaafu", basi.

Alifunga ndoa na Weizero Yeshimebet tarehe 25 Januari 1981. Siku moja alimwandikia kwa simu anunue vitunguu, akaweka jina na cheo kama kawaida. Mama aliviweka mezani: "Vitunguu vya Mkuu wa Masjala hivi hapa. Na mume wangu je, atakula nini?" Baba alicheka sana, lakini hakubadilika.

Tuseme kweli, ukaidi huo uliiumiza nyumba. Mwanawe Nahom alipopata kazi Dire Dawa aliandika: "Mzee, nimepata kazi. Poa." Hakuweka salamu wala jina. Baba akajibu: "Sijui ni nani anayeniandikia." Nahom naye ana kichwa kigumu, hakuandika tena. Miaka ikapita, na kila sikukuu chakula hakikumshuka mama.

Ini lilianza kumsumbua baba mwaka 2024. Mei iliyofuata alilazwa, na daktari akatuambia tusikae mbali. Jumatatu alichukua simu mwenyewe, akamwandikia Nahom neno moja tu: "Njoo." Chini hakuweka jina. Nahom akadhani simu imeibwa na matapeli, maana baba yake hakuwahi kuandika hivyo. Aliupuuza ujumbe mpaka kesho yake, dada yake Meskerem alipompigia: "Ni yeye, we! Panda basi!" Njia nzima alilia, akiogopa kwamba amechelewa.

Alifika Jumatano asubuhi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaulizia afya, kisha akamalizia: "Ni mimi mwanao, Nahom Zerihun, fundi umeme, Dire Dawa."

Baba akafumbua macho. "Mbona unajitaja? Nakujua."

Alifariki mchana huo, tarehe 14 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nahom. Ameacha mjane, Weizero Yeshimebet, watoto wawili, Meskerem na Nahom, na wajukuu watatu. Mungu ampokee kwa jina lake tu, bila cheo, na ampumzishe kwa amani.