Mashine ya Kunyanyuliwa na Mtu Mmoja

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Shafti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuza na kufunga mashine za boti katika duka letu. Ndani ya miaka hiyo kaunta imebadilishwa mara mbili, paa mara moja, na mameneja tumepoteza hesabu yao. Yeye alibaki pale pale kwenye stuli yake karibu na mlango wa karakana, penseli sikioni, futi ya chuma mfukoni.

Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu tu. Sisi tunamwita Shafti kwa sababu ya swali lake la kwanza. Mtu anaingia akitaka mashine yenye nguvu. Yeye anamuuliza ubao wa nyuma wa mashua yake uko juu kiasi gani kutoka majini. Kisha anamweleza taratibu kwamba mashua ya tanga imeinuka nyuma, na omo, yaani pua yake ya mbele, ikiinama kwenye wimbi, nyuma inapanda zaidi. Ukiifunga mashine ya shafti fupi, yaani yenye mguu mfupi wa kushuka majini, propela itatoka majini ipige kelele hewani kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Mfano huo aliuanza baada ya mwanangu kuzaliwa. Kabla ya hapo sijui alikuwa akitumia upi.

Wakongwe hapa hawajamsahau kijana aliyekuja na mchumba wake, akataka mashine kubwa kuliko zote kwa kimashua cha tanga cha watu watatu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mashua hii ina mwendo wake. Ukiizidishia nguvu haikimbii; inakalia mkia kama kuku anayetaga, na petroli inakunywa." Kijana akang'ang'ania, mchumba akacheka, Mzee akakataa kuandika risiti. Waliondoka na mashine ndogo, na meneja wa wakati huo akamnunia Mzee wiki nzima. Mwaka uliofuata kijana alirudi na shemeji zake wawili, kila mmoja na mashua yake. Wote waliambiwa neno lile lile: tanga linakupeleka, mashine ni ya kukurudisha upepo ukikata.

Mimi niliajiriwa tumbo likiwa limeshaonekana, na wengine walisema sitamaliza mwezi. Nilipojifungua nikarudi na mtoto, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Mzee alichukua boksi la mashine, akatandika ndani yake blanketi, akaliweka chini ya kaunta. Akapiga marufuku kuwasha mashine kwenye pipa la maji la majaribio mpaka mtoto aamke. Mafundi wakanung'unika. Akawaambia mteja anaweza kusubiri, usingizi hausubiri. Na siku ambazo mimi mwenyewe nilisinzia pale kaunta, alikuwa anakohoa mteja akikaribia mlango.

Huwezi kumsimulia Mzee ukamwacha mkewe, ambaye sote tulimwita Mama. Kila Jumamosi duka likifungwa alikuja kumchukua waende kwenye mashua yao. Mashine yao walikuwa wanaiweka hapa karakana wasije wakaibiwa, na kuibeba ilikuwa sinema. Mzee alishika kichwa, Mama alishika mguu. Mama alihesabu, na alinyanyua kwenye mbili. Mzee alinyanyua kwenye tatu. Mashine ikaenda mshazari, Mama akamwita mzembe, Mzee akasema kwao hesabu ilifundishwa vizuri. Miaka yote hiyo hawakukubaliana.

Mama alitutoka msimu wa mvua uliopita. Mzee alichukua siku zake za msiba, akarudi kwenye stuli yake. Jumamosi ikifika anazima taa, anafunga mlango, anaenda nyumbani. Mashine yao haijatoka karakana tangu hapo. Ukimuuliza anasema, "Ipo tu." Juzi tumesikia anataka kuiuza mashua.

Tulipokaa kupanga zawadi, hatukubishana. Tulidhani mashine yao imechoka, basi tumnunulie mpya, yenye nguvu kuliko ile, apate hamu ya kwenda majini. Tulijisifu sana. Shafti ndefu, tumezingatia. Nguvu isizidi uzito wa mashua, tumezingatia. Mwanafunzi gani wa Mzee angekosea hapo? Kisha fundi mkuu, kwa kutaka uhakika tu, akaitia ile ya zamani kwenye pipa. Ikawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Haina ubovu wowote.

Tulisimama tukaitazama ikinguruma. Ilipozimwa nikaenda kuirudisha kwenye stendi, mtoto akiwa mgongoni. Mimi ni mtu wa kubeba. Ninabeba mtoto, ndoo na mfuko wa unga kwa safari moja. Haikuinuka. Ndipo nikakumbuka bega la Mzee, lile analolikanda asubuhi za baridi. Na ile tuliyotaka kumnunulia ilikuwa nzito zaidi.

Wenzangu walisema tuinunue hiyo hiyo, kisha kila Jumamosi mmoja wetu aende kumsaidia kunyanyua. Wana moyo mzuri, lakini nilikataa. Ahadi ya siku ya kuagana ina joto la siku ile. Mwezi wa kwanza tutaenda, wa pili tutatuma salamu, wa tatu Mzee atakaa kwenye mchanga akitazama njia. Afadhali mashine ambayo haimsubirishi mtu.

Kwa hiyo, Mzee wetu, tumekuchagulia ndogo kabisa ya shafti ndefu, yenye tangi lake la petroli humo humo. Fundi mkuu anaona upepo mkali wa mbele utaishinda. Na mimi nasema upepo ukiwa mkali, usitoke. Nimeinyanyua kwa mkono mmoja, mwanao wa kwenye boksi akiwa mgongoni analia. Tunajua ni zawadi yenye huzuni ndani yake, maana kila atakayeiona ataelewa ni ya mtu aliye peke yake. Hatukupata namna ya kukuficha hilo.

Ile ya kwenu haitauzwa. Itabaki kwenye stendi yake, na vumbi nitafuta mimi. Ukiiuza mashua, hatutakuuliza. Usipoiuza, maji yapo.

Asante kwa blanketi la kwenye boksi, kwa kikohozi, kwa kila mteja aliyerudi salama bila kujua ni kwa sababu ulimkatalia. Tunakutakia siku njema zilizobaki, na afya ya bega. Jumamosi ukiamua kwenda, nyanyua kwenye mbili au kwenye tatu, upendavyo. Ila tunadhani utanyanyua kwenye mbili.