Kiti Kirefu cha Mjumbe Wetu

Sogeeni, wanangu, kaeni kitako, na mwenye kulia akalie jikoni. Nina pumzi chache, sitaki kuzimalizia kwenye kikohozi.

Mnanijua: mimi ndiye seremala niliyeukalisha ulimwengu. Nani anabisha? Zamani, nyie mkingali mnapanguswa makamasi, madola makubwa ya ng'ambo yakikunja uso tu, bei ya mkate wetu inapanda. Basi nchi zetu zenye shaba zikapatana: shaba ghafi haitoki tena, anayeitaka aje ajenge kiwanda huku. Wakacheka. Wakanuna. Viwanda vyao vikazima taa kimoja kimoja, pesa zao zikawa nyepesi hata upepo ukazikataa, mwishowe wakapanda ndege wakaja kupatana kwenye ukumbi wa mji huu, niliouwekea viti mimi. Leo watoto wao wanapanga foleni ya viza kwenye balozi zetu, wanampa shikamoo mpaka mlinzi wa geti!

Siku ile mjumbe wao alikuja na kiti chake mwenyewe, kirefu kama mnara, ili atutazame utosini. Watu wakasema, aliye juu mngoje chini. Mimi na kungoja wapi na wapi? Nilishika msumeno mchana kweupe, nikakata miguu yote minne mbele ya walinzi mia tisa, mate yamewakauka. Mjumbe alipoketi, tukaonana macho kwa macho, akatia saini. Marehemu mama yenu alikuwa akisema walinzi walikuwa wawili, na mmoja amelala. Mwacheni apumzike.

Sasa wewe Nyundo, kifungua mimba wangu, usijifiche nyuma ya dada yako. Kiti ulichokifunika shuka pale pembeni nakiona. Wakubwa wetu wamekuagiza kiti cha mjumbe wetu kwenye Baraza la Dunia, kiwe juu kuliko vya mataifa yote, nawe ukakubali huku unachekacheka kama bwana harusi. Eti, "Baba, sasa ni zamu yetu." Zamu ya nini, mwanangu? Ya kuhesabu vipara vya wenzetu? Wale hawakuangushwa na shaba peke yake. Walikaa juu mno, wakawa hawasikii tunasema nini.

Karakana nawaachia wote wawili. Randa ya umeme ni yako, cherehani na sponji za viti ni za dada yako. Jirani muuza rangi mrudishieni ngazi yake, mwambieni ugomvi nilishinda mimi. Lakini kiti hicho kikitoka mlangoni kilivyo, Nyundo, karakana yote ni ya dada yako.

Funua shuka. Lete msumeno. Si huo, ule wa meno madogo. Kata hapahapa, nisikie.

"Baba, wataniletea askari."

Waje. Waambie aliyeagiza ni marehemu baba yako, wamkamate.

Eee... hivyo. Taratibu, usiitafune mbao. Binti yangu, nishike mkono. Mungu awape kazi isiyokatika, wanangu... na kila atakayeketi kwenye viti vyenu amwone... amwone aliye mbele yake. Mguu wa pili huo? Mlio mtamu, jamani... Kata, Nyundo. Usinitazame mimi, baba. Tazama mstari...