Dereva Aliyekataa Kuwapita Watoto wa Msasani

Mzee Theonest Kamugisha ameitumikia shule yetu kwa miaka ishirini na minne. Anastaafu tarehe 31 Desemba 1955, akiwa na afya njema, macho makali na leseni isiyo na doa. Hajachoka. Hilo tuliseme mapema, kwa sababu tangazo lililobandikwa ofisini linadai anapumzika kwa ajili ya umri, na sisi tuliofanya naye kazi hatukubali uongo, hata ukipigwa chapa.

Alikuja kutoka Bukoba mwaka 1931 kuendesha lori la misheni lililobeba matofali ya madarasa haya haya tunayofundishia. Vita vilipokwisha, misheni ikanunua lori kuukuu la jeshi, na Bwana Bandali, fundi wa Gerezani, akalifungia bodi ya mbao na kulitia mabenchi. Hivyo ndivyo tulivyopata basi la shule. Mzee Theonest alilipenda kupita kiasi. Kila asubuhi aliliosha kabla yeye mwenyewe hajanawa uso, na mkewe, Mama Auleria, alikuwa akituambia waziwazi kwamba katika nyumba ile yeye ni mke mdogo. Kuku wakiwa barabarani, mzee aliwasubiri wapite kwa raha zao. Honi aliipigia gari la Mwalimu Mkuu tu, likiwa limeziba geti.

Basi lilikuwa likilala nyumbani kwake Msasani. Alfajiri lilitakiwa kwenda tupu mpaka mjini kuchukua watoto wa makarani. Lakini halikufika tupu hata siku moja, na sababu ni malezi yake. Kwao mtu akisalimiwa haitikii huku anakwenda. Husimama, huitikia, huuliza habari za nyumbani. Mzee aliendelea na desturi hiyo akiwa kwenye usukani. Mtoto akipaza sauti kando ya njia, "Shikamoo, mzee!", basi lilisimama. Wanafunzi wetu wa Msasani na Kinondoni, waliokuwa wakija shule kwa miguu, hawakuchelewa kulijua hilo. Walisalimu kwa adabu kubwa mno, na marahaba ilipomalizika walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi. Mwalimu Mkuu alifoka sana mwanzoni. Baadaye aliona madarasa yamejaa, akanyamaza.

Mwaka huu imetoka sheria mpya ya usafiri wa wanafunzi, itakayoanza kazi Januari. Ina mazuri yake: serikali itasaidia petroli na matairi, nasi tuliosukuma basi matopeni kila masika tunajua thamani ya tairi zima. Masharti yake ndiyo yanayotuchoma. Basi lisilale nje ya mji, lisivuke Daraja la Selander linaloitenga shule na Msasani, wala lisisimame pasipo na kibao cha kituo. Maana yake watoto wa Msasani na Kinondoni warudi kutembea, na wadogo wao waache shule kabisa, kwa sababu hakuna mzazi wa kumwachia mtoto wa darasa la kwanza njia ndefu namna ile gizani. Walioiandika hawakutuuliza sisi, wala hawakumwuliza mzazi hata mmoja.

Mwezi wa Septemba mkaguzi alipanda basi kujionea njia. Watoto wakasalimu, basi likasimama. Mbele kidogo wakasalimu wengine, likasimama tena. Mkaguzi akauliza kulikoni. Mzee akamjibu kwa upole, "Bwana, mtoto kanisalimu. Nikimpita nimemtukana yeye na aliyemfundisha adabu." Akaambiwa sheria mpya itamkataza. "Hiyo sheria, bwana, haikupata malezi," akasema, akatia gia.

Wiki ile ile kamati ya shule ilimwita. Wangemwongezea miaka miwili kazini pamoja na nyumba ya mjini, mradi akubali njia mpya. Mimi Jovina ninayeandika haya nilikuwapo, kwa niaba ya walimu. Najua binti yake Kokushubila bado yuko chuo cha ualimu, na najua mshahara ule ulikuwa na kazi ya kufanya. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza atawaitikiaje watoto wale akiwa ameshawapita. Akaweka ufunguo wa basi mezani, akasema wautafutie dereva mwingine ifikapo Januari, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Nilimwonea fahari, na wanakamati niliwaonea aibu. Mwenye kukasirika kwa kusoma haya na akasirike, anajua darasa langu lilipo.

Mzee Theonest, asante kwa kila mtoto uliyemfikisha salama. Tunakuombea siku ndefu, mafuta ya taa yasikauke nyumbani, na ile migomba unayoibembeleza kwenye mchanga wa Msasani hatimaye ikuonee huruma, izae. Nasi walimu tumekubaliana, na tunalitia humu ili kila mwanakamati alisome: shule ikifunguliwa Januari, tutakuja Msasani alfajiri na kurudi kwa miguu pamoja na watoto, hata kama masomo yataanza saa sita mchana. Atakayeona tumechelewa, atuletee basi. Kaa kwa amani, mzee wetu. Watoto hawatatembea peke yao.