Ncha ya Ukili wa Bi Swafiya

Bi Swafiya Badawi anastaafu leo, tarehe 30 Novemba 2025, baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho ya kazi za mikono kwa miaka ishirini. Mkurugenzi, Sir Maan, ameniomba mimi, Fortunate wa mapokezi, niandike wasifu wake, tena uwe mchangamfu. Nitajaribu, sir. Nikishindwa tusilaumiane.

Alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, akaja Dubai kufanya kazi za nyumbani kwa marehemu Madam Huda, mama yake Sir Maan. Siku moja mtende wa uani ulipogolewa. Madam akatoka na kumkuta mfanyakazi wake amekaa chini, nguo bado zimo kwenye beseni, anasuka ukili kwa majani yaliyokuwa yatupwe. Wengi wetu tunajua madam wengine wangesema nini. Huyu alivua viatu, akakaa kando yake, akaanza kusuka wake kama alivyofundishwa na nyanya yake. Waarabu wa huku huuita safifa, watu wa pwani ya kwetu huuita ukili, lakini ni utepe ule ule wa majani unaoshonwa ukawa mkeka. Nguo zilianikwa jioni.

Jumba letu lilizaliwa pale uani. Madam alianza kukusanya mabuli ya kahawa, masanduku yaliyopigiliwa misumari ya shaba, milango ya kuchonga, makubadhi ya Siyu, hata kitambaa cha magome nilichomletea kutoka kwetu Masaka. Alitaka watu waone kwamba mikono ya huku na mikono ya kwetu imejuana zamani sana. Siku ya ufunguzi alianza ukili mpya, akasuka shubiri mbili, akamkabidhi Bi Swafiya ncha. Tangu hapo kila mgeni anayetaka husuka kidogo.

Leo ukili huo ni bunda ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba. Kuna sehemu zimenyooka, na kuna sehemu, jamani, Mungu atusamehe. Bi Swafiya hakufumua kazi ya mtu hata siku moja. Kenneth, mlinzi anayeishi mtaa wa Karama, aliingia kukimbia joto la Agosti, akawa anarudi kila siku ya off. Kipande chake kinayumba kama gari lisilo na breki, naye humwonyesha kila mtu. Kila Ijumaa walikuja akina dada wa kazi za ndani, wakakaa mkekani na wamama wa Kiarabu wanaojua Kiswahili, wakazungumza Kiswahili cha kila namna, wakacheka, wakalia kidogo, wakarudi kazini. Mimi Bi Swafiya aliniambia mkono wangu una hasira. Kila mara nilisikia lile lile: wee Fortu, usikaze sana, utaukata.

Mwezi ujao tunahamia jengo jipya. Majani makavu hayasukiki, sharti yalowekwe, na wataalamu wamesema maji yataharibu vitu vingine. Kwa hiyo ukili utawekwa ndani ya kabati la kioo, na juu yake skrini itaonyesha video ya mikono ya Bi Swafiya ikisuka. Ni video nzuri. Nilipoiona nilitoka nje nikalia.

Yeye hakuomba saa wala ngao ya kumbukumbu. Aliomba jambo moja tu, mtu wa kukaa mahali pake na kuendelea. Alimwomba Sir Maan mara mbili, mtoto aliyemlea kwa mikono yake tangu ana meno mawili, na sote tuliona jinsi sir alivyoumia. Jibu halikubadilika. Bi Swafiya akasema khalas, basi yamekwisha, akaenda kubadilisha maji ya beseni la kulowekea majani. Ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, inakwisha pamoja na kazi, na Alhamisi anarudi kwao.

Kila jioni huifunika ile ncha kwa kitambaa kibichi ili kesho iendelee. Leo, tukishakula biriani, ataombwa aifunge, kwa sababu haiwezi kuingia kwenye kioo majani yakining'inia. Ukili ukishafungwa hauongezeki tena. Ameniomba nishike mwanzo wake, zile shubiri mbili za Madam, wakati yeye anafunga mwisho. Nitashika. Msishangae mkiniona na leso.

Bi Swafiya, ahsante kwa miaka yote hii, kwa chai ya tangawizi, na kwa kutufanya wageni wa mji huu tuwe na mahali pa kukaa chini. Mungu akufikishe salama, akupe afya na watu wa kukuzunguka. Tunakutakia siku tulivu na njema huko Siyu. Mimi nina ombi moja, na maneno yake ulinifundisha mwenyewe. Hiyo ncha, tafadhali, usiikaze sana.