Kikohozi cha Bi Mwanasiti

Basi la Coventry Road, huko ughaibuni, lilikuwa limejaa, na Bi Mwanasiti hakumwona mke wa mwanawe, Asmahan, kwenye kiti cha nyuma yake.

"Msimu wote wa baridi, bibi, ukalale garini?" abiria wa pembeni yake alishangaa.

"Gari lina kitanda, jiko na hita, mwanangu. Na mji nitakakoliegesha ni wa kale, wa pwani, kama kwetu."

"Kwani nyumbani wamekukosea?"

"Hata! Mkamwana wangu ana adabu. Nikikohoa tu, huufunga mlango wake taratibu. Angeubamiza, ningemjibu."

Adabu hiyohiyo Asmahan alikuwa akijisifia kwa shoga zake.

Basi liliposimama kituoni kwao, Bi Mwanasiti akashuka. Asmahan akabaki kitini, mtandio mdomoni, akikizuia kikohozi.