Mzee Bado, Aliyetangaza Goli Ambalo Halikuingia

Baba yetu mpendwa, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi breki na mshonaji wa sare.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1967. Mdogo wake alipovunjika mguu, marehemu alikaa dirishani kila jioni akimsimulia mechi za uwanja wa chini. Baba mdogo yupo nasi hapa, na mpaka leo analalamika kwamba timu yao ilishinda kila siku mpaka yeye alipotolewa plasta, akatoka nje na kukuta inaburuta mkia.

Mwaka 1970 aliajiriwa redioni kutunza kanda. Miaka miwili baadaye mtangazaji wa mpira alikauka sauti siku ya mechi, marehemu akasukumwa kibandani ashike nafasi. Hakutoka humo mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 24 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa opereta wa simu hapo hapo redioni. Mama hakuwahi kusikiliza mechi hata moja. Mumewe akiwa hewani yeye alipiga pasi, akisema nyumba moja mpiga kelele mmoja anatosha.

Tarehe 6 Novemba 1983 timu ya taifa ilihitaji goli moja tu. Mpira ukagonga wavu kwa nje, na marehemu akatangaza goli. Enzi hizo televisheni zilikuwa za wachache. Vinyozi waliacha vichwa nusu, dereva wa treni alipiga honi mpaka stesheni, na watu wasiosalimiana wakakumbatiana barabarani. Ndipo sauti yake ikarudi, ikiomba samahani, kwamba mpira umetoka nje. Kesho yake sokoni muuza nyanya alimwambia mama, "Mwambie mumeo aturudishie goli letu." Mama alirudi na kikapu kitupu, na wiki ile sisi watoto hatukuruhusiwa kucheza nje.

Tangu siku hiyo hakutangaza goli mpaka mpira urudishwe katikati. Alikuwa akisema, "Bado, wasikilizaji, bado," na nchi nzima inabana pumzi. Neno likatoka uwanjani. Wakunga waliwaambia hivyo kina baba waliosubiri nje ya wodi, na wanafunzi waliambiana hivyo wakingoja matokeo. Watu wasio wa dini moja wala lugha moja walicheka pamoja kwa neno lile moja.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kutanuka. Daktari alimkataza chumvi, ngazi na mpira. Chumvi aliiacha. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 timu ya taifa ya wanawake ilicheza, mjukuu wake akiwa golini. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye mama wa golikipa, aliogopa kwamba mechi hiyo ingemuua baba yake. Redio ikapelekwa kwa jirani, simu zikazimwa, madirisha yakafungwa, marehemu akakalishwa kwenye kochi na mkanda wa presha mkononi.

"Mwanangu," alisema, "madirisha umefunga. Nchi utaifungia wapi?"

Na kweli, mtaa wenyewe ulitangaza. Kona ilikuwa na sauti yake, refa naye alikuwa na matusi yake. Kuelekea mwisho mtaa uliguna, ukanyamaza. Marehemu akasema ni penalti, na inapigwa langoni kwetu. Binti yake alikuwa akimshika mapigo wakati kwa kinyozi walipolipuka kwa shangwe, naye akaruka.

"Bado," baba alimwambia. "Hao wana redio. Ngoja wanaoona."

Baa ya jirani, ambako picha za televisheni huchelewa kidogo, nayo ikalipuka. "Haya, sasa," alisema. "Mtoto kadaka." Akavua mkanda, akamfunga binti yake. Presha ya binti ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa, na marehemu alicheka mpaka akakohoa.

Alifariki Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, kwenye kochi lile lile, chai yake ikiwa bado ya moto. Tulimlinda na mechi kwa miaka minane. Moyo umesimama siku isiyo na mechi yoyote.

Ameacha mjane, mdogo wake, watoto watatu na wajukuu saba. Daktari ameshauri wote wa damu yake tupimwe moyo. Golikipa wetu alitaka kupimwa baada ya mechi ya Jumapili ijayo, asije akakatazwa kucheza. Mama yake alitaka iwe kabla. Hawakuelewana tangu siku ya msiba. Leo asubuhi, alipomaliza kumtazama babu yake kwa mara ya mwisho, mtoto amemwambia mama yake, "Twende kesho." Tunaomba muwaombee wote wawili.

Mwenyezi Mungu amlaze baba yetu pema, na amani isimwondoke.