Shangazi Naye Ameuzwa?

Benchi lile limeegemezwa ukutani kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi cherehani, na mguu wake mmoja ni tofali, kwa hiyo ukikalia upande ule lazima ukae kwa adabu. Hapo ndipo dunia hupangwa upya kila alasiri, kahawa mkononi: nani aoe nani, timu ipi ivunjwe, serikali zipi zimezidi uzembe. Siku hiyo yote hayo yaliwekwa kando. Tangu asubuhi habari ilikuwa imeingia kwenye simu za watu kwamba Mabaharia wa Anga la Saba, ile sinema ya vyombo vya angani ambayo mtaa mzima umekua nayo, imeuzwa pamoja na sehemu zake zote sita. Mzee aliyeitunga amechoka, ameiuzia kampuni ya kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Wana kijiwe walikuwa na nyuso za watu waliotoka mazishini, ila midomo yao haikuwa na msiba hata kidogo.

Mkalimani alitoka dukani kwake akiwa bado na nywele za mteja mikononi. Mchana ni kinyozi, lakini jina hilo alilipata kwa kazi yake ya pili: kwenye banda la video nyuma ya mtaa, yeye ndiye hushika kipaza sauti na kuwasimulia watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye sinema kwa lugha wasiyoijua. Mabaharia wote wamepita kinywani mwake. Leo alikuwa amepiga moyo konde aseme jambo moja tu, kisha aende zake.

Alimkuta Injini, fundi wa pikipiki, ameshasimama. Injini akikaa hawezi kubishana.

— Nawaambia hakuna mauzo hapa, hii ni njama! Mnamkumbuka Jenerali wa Sayari ya Chuma, aliyeapa kwamba kile chombo atakipata kwa vyovyote? Kashindwa kukipata kwa mabomu, sasa kaja na mkoba wa hela.

— Jenerali ni mtu wa kwenye sinema, wewe, — alisema Mama Vifungo, fundi cherehani, huku akiendelea kufumua pindo la suruali ya watu.

— Ndivyo wanavyotaka uamini, Mama!

— Tulieni kwanza, tuulizane jambo la msingi, — aliingilia Wakili.

Huyu Wakili alikuwa mpiga chapa wa mahakama hadi alipostaafu. Hajawahi kumtetea hata mbuzi, lakini sheria anaipenda kama mwanawe wa mwisho.

— Kuna chombo, kuna nahodha, kuna silaha. Hivyo vinauzika. Lakini Shangazi? Shangazi anauzwaje?

Benchi zima likashusha pumzi. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma kila mtu, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Shangazi ni mashine inayoendesha chombo cha Nahodha. Mwili hana, ni taa nyekundu tu ukutani, inayowaka na kuzima anapozungumza. Lakini mdomo anao! Nahodha akitaka kwenda vitani, Shangazi humuuliza kwanza kama amekula. Adui akirusha makombora, Shangazi husema hayo ni ya kuazima, mwenye chake harushi hovyo namna hiyo. Watoto wa mtaa humwiga, wanawake humnukuu wakigombana na waume zao, na kuna binti wa nyumba ya pili alimkataa mchumba kwa madai kwamba Shangazi asingempitisha.

Kisichojulikana na mtu, au hivyo ndivyo Mkalimani alivyoamini, ni kwamba Shangazi hayumo kwenye ile sinema. Ile taa hailii chochote ila ti-ti-ti. Usiku wa kwanza kabisa wa kusimulia, taa ilikuwa imewaka muda mrefu, watu wameanza kuguna, naye hakuelewa inasema nini wala kama inasema. Basi akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajaota meno na aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. "Nahodha," ilisema ile sauti, "unatoka hivyo kifua wazi, kwani huko angani nani atakusugua mgongo ukikohoa?" Watu walicheka hadi wakaanguka kwenye viti. Tangu siku hiyo, kila sinema ilipowekwa, alikuwa na shangazi yake tena kwa saa mbili.

Sasa wenye mali wapya wametangaza kwamba Jumamosi sehemu zote zitaanza kuonyeshwa upya, kila watu kwa lugha yao, Kiswahili kikiwemo. Msimuliaji hatahitajika. Watu watakaa bandani, taa itawaka, na watasikia ti-ti-ti. Aibu Mkalimani angeivumilia, kinyozi huzoea kulaumiwa. Lakini shangazi yake alikwisha kumzika mara moja, na hakuwa na nguvu za kumzika mara ya pili. Afadhali awaambie mwenyewe, kabla hawajasikia.

— Jamani, — alianza, — kuhusu huyo Shangazi...

— Ngoja kwanza! — Injini alimkata kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. — Mama Vifungo alikuwa anataka kusema.

Mama Vifungo, ambaye hakuwa na mpango wowote wa kusema, alitoa sindano mdomoni.

— Mimi? Eeh. Mimi nasema watampa mwili. Mtaona. Watamletea kiuno chembamba kama uzi, wampake na rangi ya mdomo. Halafu watamwita jina la kisichana.

— Mwili si kitu, — alisema Mjomba, muuza kahawa, akizungusha birika. Kila mtu pale humwita Mjomba, hata waliomzidi umri. — Hao ni watu wa vitu vya kuchezea. Watamtia kwenye boksi. Unambonyeza tumbo anasema maneno matatu, betri ikiisha anakufa.

— Shangazi maneno matatu! — Injini alishika kichwa. — Shangazi ambaye salamu yake tu ni robo saa!

— Hawawezi, — alisema Wakili. — Shangazi kamlea yule Nahodha. Kisheria huyo ni mlezi, na mlezi hauzwi pamoja na vyombo vya ndani. Atakwenda mahakamani.

— Ataapaje, mzee wangu, na hana mkono wa kuinua?

— Atawasha taa.

Mkalimani aliweka chini kikombe alichopewa na Mjomba.

— Ndugu zangu, nina jambo nataka niwaeleze, msinikatize.

— Kahawa yako imepoa, — alisema Mama Vifungo haraka, akakiokota kikombe. — Mjomba, mbadilishie huyu!

— Siyo kahawa, Mama. Ni kwamba Shangazi...

— Shahidi bado hajaitwa! — Wakili alipaza sauti, akampigapiga gotini kwa upole. — Taratibu, kinyozi wetu. Kila kitu kina zamu yake.

Mkalimani aliwatazama mmoja mmoja. Hawa watu wanampenda sana Shangazi, aliwaza, hata hawataki kusikia. Na Injini, kama aliyetiwa mafuta mapya, alikuwa ameshapanda ngazi nyingine.

— Sikilizeni, mimi najua kitakachotokea. Wale wanunuzi watafungua, wataangalia, hawatamkuta. Shangazi atakuwa amewasha chombo na kuondoka zake!

— Kwenda wapi?

— Huku! Atakwenda wapi kwingine, anakojulikana?

— Atatua wapi sasa, barabara yenyewe hii pikipiki mbili hazipishani? — aliuliza Mjomba, kama mtu aliyeambiwa mgeni anafika kesho.

— Pale wanapooshea magari. Atatua na ataanza kwa kuwagombeza wanaomwaga maji njiani.

— Nami nitamshonea nini mtu asiye na mwili? — Mama Vifungo alisikitika kwa dhati.

— Pazia, — alisema Wakili. — La ile taa yake. Mwanamke mzima hawezi kukaa anang'aa hadharani.

Wakakubaliana kuhusu pazia. Walikuwa wanabishana kama liwe na marinda au lisiwe nayo pale binti mmoja alipotokea na mfuko wa vikombe. Alikuwa mpwa wa Mjomba, mtoto wa dada yake, aliyekuja juzi kupumzika kutoka chuoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Sogea ukae, ila siyo upande wa tofali.

— Nimesikia mnazungumzia Mabaharia wa Anga la Saba, — alisema binti, uso ukimchangamka. — Naipenda sana! Nimeziangalia zote sita, zile zenyewe, kwa lugha yake ya asili. Nahodha namjua, Jenerali namjua. Sasa, huyo Shangazi ndiye nani?

Mkalimani alifumba macho. Basi, imekwisha. Alisubiri makelele, alisubiri Injini apige teke benchi.

— Kopi yako mbovu hiyo, — alisema Injini.

— Ni umeme, — alisema Mama Vifungo papo hapo. — Umeme ukiwa mdogo kuna sauti nyingine hazitoki.

— Wachujaji wa sinema hao, — alisema Wakili. — Walimkata kwa sababu za kimaadili.

— Mpwa wangu masikio yalimsumbua tangu utotoni, — alisema Mjomba.

Walisema wote kwa pamoja. Mkalimani akafumbua macho. Hakuna aliyekuwa anamtazama binti. Walikuwa wanatazamana.

— Injini, — alisema Mama Vifungo polepole. — Hiyo habari ya kopi mbovu umeitoa wapi?

Fundi wa pikipiki alijikuna shingo hadi ikawa nyeusi kwa grisi.

— Niliwahi kununua sidii yangu mwenyewe. Nikaweka nyumbani, mke wangu kakaa hapa, watoto wamekaa hapa, nikasema subirini mumsikie Shangazi. Ikalia ti-ti-ti. Nilimrudia muuza sidii nikamkunja shati. Akaniwekea nyingine, ti-ti-ti. Ya tatu, ti-ti-ti. Ndipo nikaelewa. Na wewe Mama, habari ya umeme umeijuaje?

— Kwa shemeji yangu, — alikiri Mama Vifungo. — Ana televisheni ukuta mzima. Nikasema umeme. Mwaka wa pili nikaona nyumba nzima inawaka taa, nikasema siyo umeme.

— Mimi nilitazama majina yanayopita mwishoni, — alisema Wakili. — Hata mpika chai wameandika. Shangazi hakuna. Nilitaka kuwashtaki, kisha nikaona tatizo liko kwenye ushahidi.

Mjomba aliweka birika chini.

— Mimi nauza kahawa mlangoni pa banda. Siku moja walijaribu mitambo mchana, Mkalimani hayupo. Nikasikia ile taa inalialia peke yake, nikaihurumia kweli. Nikaenda zangu.

Mkalimani alitaka kucheka, lakini ilitoka sauti nyingine isiyokuwa kicheko.

— Kwa nini hakuna aliyeniambia?

— Nikuambie ili uone haya uache? — Injini aling'aka. — Nami nifanye nini kila Jumamosi? Halafu nilijua Mama Vifungo akisikia atalia.

— Mimi nilikuwa nakuficha wewe, mshenzi! Nilijua ukijua utavunja banda la watu!

— Mimi nilinyamaza kwa maslahi ya umma, — alisema Wakili, akatoa leso na kupenga.

— Ni shangazi yangu, — alisema Mkalimani. — Wa kweli. Amenilea. Sikuitunga ile sauti, ni yake. Nilikuwa nimemkosa sana.

Mama Vifungo alimgusa begani kwa ule mkono uliokuwa na kastabini ya kushonea.

— Tulijua ni mtu, mwanangu. Ukali wa namna ile hautungwi.

— Na Jumamosi? Wanaleta Kiswahili chao.

— Wakilete, sisi tumewakataza? — alisema Mama Vifungo. — Rimoti nitaishika mimi. Wakifungua tu kinywa nazima sauti, nawe unashika kipaza chako. Wewe Injini utakaa mlangoni.

— Asiyetaka? — aliuliza Injini.

— Asiyetaka akaangalie kwa shemeji yangu.

— Naomba iwekwe kwenye kumbukumbu, — alisema Wakili, — kwamba Shangazi hakuuzwa. Muuzaji hakuwa naye. Wamenunua taa tu.

Mkalimani alikuwa amekuja kuaga, na sasa hata hakukumbuka maneno aliyokuwa amejipangia. Yule binti muda wote alikuwa akiwatazama, kikombe mkononi, kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha ukoo usio wake.

— Samahani, wakubwa zangu, — alisema. — Kama kila mmoja wenu alikuwa anajua, basi miaka yote hii mlikuwa mnamficha nani?

Injini akainama kukagua mguu wa tofali. Wakili akatazama juu, Mjomba akafuta kikombe kilichokuwa safi. Mama Vifungo alirudia pindo lake la suruali, lakini sindano ilikuwa haioni pa kupita. Mkalimani, ambaye riziki yake ni kuwaeleza watu wasichokielewa, akamgeukia binti.

Kisha akajisafisha koo. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

— Wewe mtoto wa watu, umekaa hapo unauliza na kikombe kimejaa. Hayo maswali yatakutia joto tumboni? Kunywa.

Na yule binti, mgongo umemnyooka wenyewe, akanywa.